Bonsai inanata? Weka chini hiyo sumu kwanza

Leo tupumzike kidogo na siasa na nauli za ndege, tuongee miti. Tena si miti ya shamba. Naongelea hii miti midogo inayolelewa kwenye vyungu vifupi, wanayoiita bonsai.

Najua kuna atakayeguna, "Mswahili na bonsai wapi na wapi?" Jamani, ingieni kwenye nyumba zetu huku Uingereza mtaziona. Mwingine kaletewa zawadi na wafanyakazi wenzake, mwingine kainunua dukani pamoja na mkate na maziwa kwa sababu ilimkumbusha kijani cha nyumbani. Ukiishi ghorofa ya nne, huna hata kiwanja cha kupanda mchicha, chungu kimoja dirishani ndilo shamba lako. Nyingi ya miti hiyo ni fikasi, ambayo ni ukoo mmoja na mkuyu wetu, au elmu ya Kichina, au karmona yenye vijani vidogo vinavyong'aa.

Kila ukifika msimu wa baridi napata swali lile lile: "Kaka, mti wangu unatoa gundi, meza yote inanata. Nipulizie dawa gani?" Kuulizwa napenda. Ila hilo neno la mwisho, dawa, ndilo linalonifanya niandike leo. Maoni yangu nayatoa mapema ili asiyekubaliana nami aanze kunoa kalamu: kwa mti mmoja wa chungu ulioko sebuleni, sumu iwe jambo la mwisho kabisa kufikiriwa, na wengi wetu hatutaihitaji hata siku moja. Tunachopungukiwa ni macho, mswaki na subira.

Tuanze na huyo anayenatisha meza. Kwa kawaida ni mdudu gamba. Wako ukoo mmoja na vidung'ata, wale weupe kama wamepakwa unga, na si mbali na vidukari wanaosumbua kunde na mboga. Wanasayansi wameshaorodhesha aina zaidi ya 8,000 za ukoo huu mzima. Jike akishakua hafanani na mdudu hata kidogo. Anakaa pale pale kwenye kijiti au chini ya jani, kajifunika gamba, kimya kama chunusi ya mti. Mdomo wake ni kama sindano ndefu nyembamba, kaudunga ndani ya mti na ananyonya usiku na mchana.

Kuna makundi mawili ambayo mwenye bonsai anapaswa kuyatofautisha. La kwanza ni magamba laini. Hawa gamba lao ni sehemu ya mwili wenyewe, na wananyonya utomvu wenye sukari nyingi kuliko wanavyoweza kutumia. Ile sukari ya ziada wanaitoa nyuma, ikidondoka juu ya majani ya chini, meza na kioo cha dirisha. Kwa hiyo ile "gundi ya mti" unayoisema, ndugu yangu, si ya mti. Ni kinyesi cha mdudu. Anayeonekana sana kwenye fikasi za ndani ni yule wa kahawia, bapa, mwenye umbo la yai, urefu milimita tatu au nne, ambaye kitaalamu anaitwa Coccus hesperidum. Huyu hahitaji hata dume ili azae, na hazai mayai ya kukaa muda, anatoa watoto walio hai. Mmoja tu aliyesahaulika kwenye panda ya tawi anatosha kuanzisha ukoo mpya.

Kundi la pili ni magamba magumu. Hawa gamba lao ni kama paa la nyumba, limejengwa kwa nta na ngozi walizojivua, na ukilinyanyua kwa ncha ya sindano unamkuta mdudu chini yake. Hawatoi ile sukari, kwa hiyo usisubiri meza inate ndipo ushtuke. Wenye bonsai za mreteni wanamfahamu mmoja, Carulaspis juniperi, anayeonekana kama vidoa vyeupe vya mviringo vyenye kitovu cha manjano kwenye majani. Ukitazama kwa haraka utadhani vumbi la chokaa.

Sasa namna ya kumtambua. Mti wa bonsai una vinundu vingi vya halali: vichipukizi vilivyolala, makovu ya majani yaliyoanguka, na vile vitundu vya gome ambavyo mti unapumulia. Nimeona mtu kakwangua vichipukizi vyote vya elmu akidhani ni wadudu, na mti ukakaa uchi hadi majira yaliyofuata. Kipimo ni ukucha. Sukuma kile kinundu taratibu kutoka pembeni. Kama ni sehemu ya mti, hakibanduki. Kama ni mdudu, kinang'oka kizima. Kibonyeze: kikitoa majimaji, alikuwa hai, kikivunjika kikavu kama ganda la tambi, alikwisha kufa zamani na lililobaki ni kaburi lake. Hili la mwisho lishike sana, kwa sababu magamba yaliyokufa hayaanguki yenyewe. Watu wanapuliza dawa, wanaona magamba bado yapo, wanapuliza tena, na tena, kumbe wanaua maiti.

Mahali pa kutazama pia si popote. Geuza jani utazame mshipa wa katikati, wanapenda kujipanga hapo kama abiria kituoni. Tazama panda za matawi. Tazama chini ya waya kama mti umefungwa waya wa kuupinda, maana pale ndipo maficho yao makuu na waya hauondolewi kila siku. Kwenye elmu, tazama mipasuko ya gome la zamani. Halafu tazama dalili za mbali: majani yanayonata, ukungu mweusi kama masizi ya chungu cha kupikia ukiota juu ya ile sukari, majani kugeuka manjano na kudondoka, kijitawi kukauka kutoka nchani. Na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mti, usiwachukie bure. Hao wanafuata sukari. Ila ujue sisimizi huwalinda wadudu hawa dhidi ya maadui zao, kwa hiyo ukiwazuia wasipande umeshasaidia nusu ya kazi. Kioo cha kukuzia kinachokuza mara kumi bei yake ni ndogo kuliko chupa ya dawa, na kitakufundisha zaidi.

Nikirudi kwenye maoni yangu: kwa nini naikataa sumu iwe ya kwanza? Sababu ninazo tatu.

Ya kwanza ni ya kiufundi. Dawa nyingi za kupuliza zinaua kwa kumgusa mdudu. Mdudu gamba aliyekomaa kajifunika nta, na matone yanateleza juu yake kama maji juu ya jani la gimbi. Anayeuawa kirahisi ni mtoto tu. Watoto hawa wanapotoka chini ya mama yao wana miguu, ni wadogo kiasi kwamba wengi hawaonekani bila kioo, na hutambaa kwa saa kadhaa au siku chache wakitafuta pa kudunga mdomo. Wakishatulia, wanaanza kujifunika na mlango wa kuwapiga unafungwa. Nje, kwenye nchi za baridi, aina nyingi huzaa kizazi kimoja kwa mwaka, kwa hiyo unaweza kuwavizia. Lakini ndani ya nyumba yenye hita, ambamo haijui baridi wala kiangazi, vizazi vinapishana. Leo kuna mama, kuna mtoto, kuna wa kati. Unapopuliza mara moja unapata wachache na kuwaacha wengi, halafu unajidanganya kwamba umemaliza.

Ya pili ni afya ya waliomo ndani. Kuna kijana wetu mmoja aliniambia kwa furaha kwamba tatizo lake limekwisha, kaletewa kwenye begi kutoka nyumbani chupa ya dawa ya kupulizia nyanya. "Hii ni ya shambani, kaka, hii haichezi." Nikamuuliza inaitwaje, lebo ilishachubuka. Nikamuuliza atapulizia wapi. Sebuleni, maana nje kuna barafu. Sebule hiyo hiyo ana mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Wadau, niambieni, mti wa pauni ishirini unastahili hilo? Dawa nyingi za zamani za shambani zilikuwa za jamii ya oganofosfati, ambazo kazi yake ni kuvuruga mfumo wa fahamu wa mdudu, na mfumo huo wa binadamu unafanana na wake kuliko tunavyopenda kufikiri. Shambani kuna jua, mvua na upepo wa kuivunja na kuipeleka mbali. Sebuleni, madirisha yamefungwa miezi mitano, inakaa kwenye zulia, kwenye kochi, kwenye mdoli wa mtoto. Kijana alinielewa na chupa ikapelekwa kwenye kituo cha halmashauri kinachopokea taka za hatari. Lakini najiuliza, ni wangapi hawakumpata wa kuwauliza jina la dawa?

Ya tatu ni maadui wa huyu mdudu. Hapa ndipo penye hadithi tamu, nitaifikia punde. Kwa sasa shika hili: ukipuliza sumu ovyo unaua kwanza wale waliokuwa wanakusaidia, kwa sababu wao hawana gamba.

Haya, tufanye nini basi? Nitaeleza kama ninavyomweleza anayenipigia simu.

Kwanza, utenge mti. Uuweke chumba kingine au angalau mbali na mimea mingine, majani yasigusane. Watoto wa mdudu huyu hutembea, na mkono wako unaotoka kwenye mti huu kwenda ule nao ni basi lao.

Pili, punguza. Tawi lililojaa mno na ambalo umbo la mti halilitegemei, likate na ulifunge kwenye mfuko kabla ya kulitupa. Ondoa waya wote. Fikasi au elmu yenye nguvu, majira ya joto yakianza, unaweza hata kuivua majani yote, itachipua tena na wadudu watakosa maficho. Mti dhaifu usiuguse kwa namna hiyo, utaumaliza mwenyewe.

Tatu, mkono. Chukua vijiti vya pamba vya masikio na spiriti ile ya kusafishia vidonda. Gusa kila gamba, subiri kidogo, libandue. Spiriti inayeyusha ile nta na kumkausha mdudu. Kwa shina na matawi mazito tumia mswaki laini wa zamani. Fungua dirisha, kaa mbali na jiko na hita kwa sababu spiriti hushika moto, na ujaribu kwanza kwenye majani mawili matatu usubiri siku mbili uone kama hayaungui. Gamba likibanduka lisianguke kwenye udongo, tandaza gazeti au funika chungu.

Nne, sabuni. Baada ya kuondoa wanaoonekana, bado kuna watoto usiowaona. Sabuni ya mimea inayouzwa tayari ni bora kuliko sabuni ya vyombo, maana ya vyombo ina manukato na vikorokoro vya kukata mafuta vinavyoweza kuunguza majani. Funga uso wa chungu kwa mfuko wa nailoni ili maji ya sabuni yasiingie kwenye udongo, lowesha mti pande zote, hasa chini ya majani, nje ya jua kali, kisha suuza. Kazi ya sabuni ni kumgusa mdudu ikiwa mbichi. Ikishakauka haina nguvu tena, kwa hiyo pale usipopalowesha hujafanya kitu.

Tano, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, rudia. Kila wiki, kwa wiki sita mpaka nane, hata kama wiki ya tatu huoni kitu. Funga utepe unaonata pande zote mbili kuzunguka tawi. Watoto wanaotambaa watanasa, na kwa kioo utawaona kama vumbi la manjano. Utepe ukikaa wiki kadhaa bila kumnasa mtoto hata mmoja, hapo ndipo unaweza kupumua.

Sita, chunguza udongo. Vidung'ata wengine wanaishi kwenye mizizi, na ukitoa mti kwenye chungu unaona kama unga mweupe ukutani mwa chungu na kati ya mizizi. Hapo mswaki wa juu hausaidii. Inabidi kusafisha mizizi na kubadili udongo, kwa wakati unaofaa kwa aina ya mti huo.

Mtaniuliza kuhusu mwarobaini, najua. Sisi Waswahili mwarobaini tunauheshimu, jina lenyewe linasema unatibu magonjwa arobaini. Kiini chake, azadiraktini, ni kweli huvuruga wadudu wanapotaka kujivua ngozi na kukua. Maana yake humsaidia anayepambana na watoto, haumshtui mama mzee aliyekwisha kujifunika. Si muujiza. Na mafuta yoyote, ya mwarobaini au mengine, yanafanya kazi zaidi kwa kumziba mdudu pumzi, na jani nalo linaweza kuzibwa ukimimina mno. Tena huku kila kinachouzwa kuua wadudu kina sheria yake na lebo yake. Soma lebo.

Vilevile msizidishe mbolea. Mti dhaifu tunauonea huruma tunauongezea mbolea ya naitrojeni, nao unatoa machipukizi laini yenye utomvu mzuri. Umewapikia wageni pilau.

Na zile dawa zinazonyweshwa mti kupitia mizizi? Nisiwe mnafiki, zipo, na kwa magamba laini baadhi zinafanya kazi. Lakini imidakloprid, mojawapo ya zilizotumika sana, ina rekodi mbaya dhidi ya magamba magumu, kwa hiyo unaweza kulipa na kuinywesha bure kama hukumtambua mdudu wako kwanza. Jamii hiyo ya neonikotinoidi ina ugomvi pia na nyuki, maana sumu inafika mpaka kwenye chavua na nekta. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya aina tatu za jamii hiyo mwaka 2018, imidakloprid ikiwemo. Bonsai yako ya ndani ukiitoa nje wakati wa joto nayo ikachanua, nyuki hawajui kwamba ni ya sebuleni. Kwa hiyo kama kila kitu kimeshindikana na mti una thamani kubwa, tumia kilichoruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani mahali unapoishi, kwa kipimo kilichoandikwa. Ndiyo maana nimesema jambo la mwisho, sikusema haramu.

Kuna mama mmoja jirani yangu, wa Unguja. Marehemu mumewe alimwachia fikasi aliyoilea zaidi ya miaka ishirini, shina nene kama mkono wa mtu mzima. Mama mwenyewe hakuwa na habari nayo mumewe akiwa hai, alikuwa anamwambia "mtoto wako huyo." Mume alipofariki, mama akaanza kuimwagilia. Majira mawili baadaye ikajaa magamba, majani yakapukutika, dirisha likawa jeusi. Duka moja alilopeleka picha likamwambia autupe tu, anunue mwingine. Anunue mwingine! Tuliikalia ile fikasi kila Jumapili jioni kwa wiki kumi, mimi na mswaki, yeye na vijiti vya pamba na miwani yake, redio inasema peke yake. Wiki ya pili alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, hiki ni mdudu au ni mti?" Wiki ya saba mimi ndiye niliyekuwa namuuliza yeye. Mti upo, mwaka huu umetoa majani mapya hadi chini. Ninachotaka mlione hapo ni kwamba sumu ingeweza kuwapunguza wale wadudu kwa muda, lakini isingemfundisha mama kuwatambua, na bila kuwatambua wangerudi tu.

Sasa ile hadithi ya maadui. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mashamba ya machungwa ya California yalikuwa yanakufa kwa sababu ya mdudu wa ukoo huu, Icerya purchasi, aliyetoka Australia. Walijaribu sumu za kila namna, wakulima wakawa wanang'oa miti. Mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu Albert Koebele akatumwa Australia kutafuta anayemla huyo mdudu kwao. Akapata mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, Rodolia cardinalis. Wakapelekwa California wachache, si magunia, wakaachiwa mashambani, na katika muda wa takriban mwaka na nusu tatizo likawa limetulia. Mbawakawa huyo huyo aliachiwa visiwa vya Galápagos mwaka 2002 kwa kazi ile ile.

Mnadhani hayo ni ya wazungu na machungwa yao? Njooni Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, aliingia eneo la Kinshasa na Brazzaville akitokea Amerika ya Kusini. Katika miaka iliyofuata akasambaa nchi hadi nchi, akatufikia na sisi Afrika Mashariki, na pale alipopita muhogo ulidumaa, watu wakakosa kisamvu na mizizi. Kupulizia sumu shamba la muhogo la bibi kijijini nani angeweza? Mtaalamu wa Uswisi, Hans Herren, akiwa na taasisi ya IITA huko Ibadan, aliongoza kazi ya kumtafuta adui wa mdudu huyo alikotokea. Alipatikana Paraguay: nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, anayetaga yai ndani ya kidung'ata. Nyigu hao walianza kuachiwa Nigeria mwaka 1981, wakaenezwa nchi nyingi za bara hili, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Miaka ile ile ya 1990 alikuja kuongoza ICIPE pale Nairobi. Muhogo tunaokula leo, kwa kiasi chake, tunaula kwa hisani ya nyigu ambaye wengi wetu hatutamwona maishani.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma hasa. Huyo kidung'ata hakuruka kwa mbawa kutoka Amerika hadi Kongo. Jike hana mbawa. Alibebwa na binadamu, juu ya mmea. Mwaka 2016 kidung'ata wa mapapai akaonekana pwani ya Kenya, naye asili yake ni Amerika ya Kati. Mdudu gamba wa minazi, Aspidiotus destructor, tunaye tayari. Minazi hiyo, mapapai hayo, miembe hiyo ndiyo karo za shule za watu wetu.

Kwa hiyo ninapomsikia mwenzetu anajiandaa kwenda likizo na anasema, "Nitamchukulia mama kale kamti, nakafunga kwenye nguo," nguvu zinaniisha. Mti wenyewe pengine una magamba manne chini ya jani asiyoyajua. Akifika Tanga anauweka barazani, mita mbili kutoka kwenye mwembe. Mtanishambulia kwamba natisha watu kwa kamti kamoja. Sawa. Lakini maadui wa mdudu huyo hatujabeba, tumebeba mdudu peke yake, na huo ndio mwanzo wa kila hadithi niliyowasimulia hapo juu. Hata kuja huku ni hivyo hivyo: kukata kipande cha mdodoki wa bibi au kung'oa kimbuyu ukafiche kwenye begi ni kosa, mmea hai unatakiwa uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka kwa mamlaka ya nchi unakotoka. Wengine wanaona ni usumbufu wa maofisa wa forodha. Mimi naona ni mlinzi wa shamba la mama yako na la mama wa mwenzako.

Tena kwa nini mtu abebe mti wa Asia kuupeleka nyumbani? Mbuyu unaota kutokana na mbegu na watu duniani kote wanaulea kuwa bonsai. Mikuyu tunayo, mikwaju tunayo. Aliyeko nyumbani anayetaka mti wa chunguni ana utajiri nje ya mlango wake. Mpelekee mkasi mzuri na kioo cha kukuzia.

Nisimalize bila kuwatendea haki hawa wadudu wenyewe. Ile rangi nyekundu ya E120 kwenye pipi na vipodozi inatokana na ndugu yao anayekaa kwenye mpungate. Na huko Laikipia, Kenya, ambako mpungate umevamia malisho, ndugu mwingine wa ukoo huo ameachiwa makusudi aule. Mdudu yule yule, mahali pengine anaitwa janga, pengine anaitwa mfanyakazi. Kinachotofautisha ni kama aliyemleta alijua anachokifanya.

Nina hakika wapo watakaosema wiki nane za mswaki ni kazi ya asiye na kazi, na kwamba mtu anayefanya zamu mbili hana Jumapili ya kumpa mti. Hoja hiyo naiheshimu. Jibu langu ni kwamba dakika ishirini kwa wiki zinatosha kwa mti wa kawaida, na asiyekuwa nazo afadhali aufunge mti kwenye mfuko, auweke kwenye taka za ndani wala si kwenye mboji, akubali yaishe. Hilo nalo ni uamuzi wa mtu mzima. Kupuliza usichokijua, mahali anapolala mtoto, ili kuokoa kitu ambacho hujakitazama hata kwa dakika tano, huo siwezi kuuita uamuzi.

Basi wadau, geuzeni majani leo jioni mkiwa na tochi. Mkikuta kitu, leteni maelezo hapa: mti gani, kinundu rangi gani, kinanata au hakinati. Na wale wa Oman mnaolea waridi la jangwa barazani, ningependa kusikia nyinyi vidung'ata mnawadhibiti vipi kwenye joto lile. Wenye maoni tofauti nao wanakaribishwa, kalamu najua mmeshainoa.

Tuko pamoja.